Mwanamfalme Louis Rwagasore: Damu ya Kiongozi na Jaribu la Kisasi

Jioni ya Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961, Waziri Mkuu wa Burundi, Mwanamfalme Louis Rwagasore, alikuwa ameketi mezani pamoja na wenzake katika hoteli iliyoitwa Tanganyika, kando ya ziwa, mjini Usumbura, mji ambao leo tunauita Bujumbura. Risasi iliyofyatuliwa kutoka gizani ilimpata, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 29, na hakuwa ametimiza hata wiki tatu tangu akabidhiwe madaraka. Kando ya ziwa hilo hilo, Tanganyika ilikuwa imebakiza wiki nane tu kusherehekea uhuru wake, na wengi waliokuwa wakimfahamu kijana huyo upande huu walipokea habari za kifo chake kwa majonzi makubwa.

Warundi humkumbuka kila mwaka kama shujaa wa uhuru wao, na siku ya kifo chake ni sikukuu ya taifa. Hata hivyo, maisha yake yanatudai jambo kubwa zaidi ya kumbukumbu. Mtu asiye na hatia anapouawa, waliobaki wanapaswa kuchagua namna ya kuishi na damu hiyo. Burundi ililazimika kuchagua ikiwa bado changa kabisa, na matokeo ya uchaguzi huo yalidumu kwa miongo mingi. Ni vema sisi waamini, hasa tunaoishi jirani na nchi hiyo na tuliowapokea watu wake kama wakimbizi, tuitafakari habari hii kwa utulivu.

Mtoto wa Mwami

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne Bangiricenge na Thérèse Kanyonga. Burundi wakati huo ilitawaliwa na Ubelgiji pamoja na Rwanda, kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, na baadaye ya Umoja wa Mataifa. Mwami alibaki na heshima yake mbele ya watu wake, lakini maamuzi mazito yalifanywa na maofisa wa kikoloni.

Chini ya Mwami walikuwapo Waganwa, yaani watu wa damu ya kifalme, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Ugomvi mkubwa wa kisiasa wa nyakati hizo ulikuwa kati ya koo mbili za Waganwa wenyewe. Ukoo wa Bezi ulikuwa wa Mwambutsa na babu yake Mwezi Gisabo, na ukoo wa Batare ulikuwa na mzee mmoja mashuhuri, Chifu Pierre Baranyanka, aliyeaminiwa sana na Wabelgiji. Tuliweke jambo hili moyoni, kwa sababu nyumba hizi mbili, ya Mwambutsa na ya Baranyanka, ndizo zilizokuja kuzika watoto wao.

Kijana Louis alisoma shule za awali nchini mwake, kisha akapelekwa Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare, nchini Rwanda, katika shule maarufu iliyoongozwa na watawa mabruda kutoka Ubelgiji. Hapo ndipo walipofundishwa vijana waliotarajiwa kuwa watumishi wa serikali. Baadaye alikwenda Antwerp, Ubelgiji, kuendelea na masomo. Aliporudi nyumbani angeweza kuridhika na cheo na maisha ya raha ya mtoto wa Mwami. Hakufanya hivyo.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, ili wakulima na wachuuzi wasiendelee kuwa chini ya wageni katika soko la nchi yao wenyewe. Katika kazi hiyo alipata marafiki ambao wengi wa tabaka lake wasingewatazama. Walikuwamo Waswahili wa Usumbura, wengi wao Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, waliozoea biashara na waliokuwa na ndugu huku Ujiji na Kigoma. Kwa njia hiyo habari za TANU zilimfikia, naye akajenga urafiki na Mwalimu Julius Nyerere. Ushirika wenyewe haukudumu, kwani ulilemewa na matatizo ya fedha, lakini ulimfundisha kuketi na watu wa kila namna.

Chama cha watu wote

Mwaka 1958 kilizaliwa chama cha UPRONA, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Umoja na Maendeleo ya Taifa. Rwagasore ndiye aliyekuwa moyo wa chama hicho. Madai yake makuu yalikuwa mawili: uhuru wa nchi upatikane mapema, na Warundi wote wabaki wamoja chini ya Mwami atakayetawala kwa kufuata katiba. Katika chama chake walikutana Waganwa, Watutsi na Wahutu. Miongoni mwa wasaidizi wake wa karibu walikuwamo Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe. Mwaka 1959 alifunga ndoa na Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Walijaliwa mabinti wawili, ambao wote walifariki wakiwa wadogo.

Tukumbuke kwamba mwaka ule ule wa 1959, katika nchi jirani ya Rwanda, nyumba zilikuwa zikichomwa moto na watu wakiuana kwa sababu ya kabila. Wakimbizi walikuwa wakivuka mpaka kuingia Burundi. Kwa hiyo umoja aliouhubiri Rwagasore haukuwa maneno matamu ya jukwaani. Alikuwa akiwaonyesha watu wake shimo lililochimbwa kwa jirani, akiwasihi wasilichimbe kwao.

Utawala wa Kibelgiji ulimwona kuwa mtu wa hatari. Mwaka 1960 ulitolewa uamuzi wa kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa, na kila mtu alielewa ni nani hasa aliyekusudiwa. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo aliwekwa kizuizini nyumbani huko Bururi, kusini mwa nchi, hadi Desemba, wakati uchaguzi wa halmashauri ulipokuwa ukiendelea. Katika uchaguzi huo chama cha PDC, yaani Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, kiliongoza. Viongozi wake wakuu walikuwa wana wawili wa Chifu Baranyanka: Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli.

Umoja wa Mataifa uliingilia kati, Rwagasore akaachiliwa, na tarehe 18 Septemba 1961 ulifanyika uchaguzi wa Bunge chini ya usimamizi wa waangalizi wa Umoja wa Mataifa. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Ushindi wa namna hiyo humlevya mshindi. Katika hotuba yake kwa taifa baada ya matokeo, Rwagasore aliwaeleza Warundi kwamba ushindi huo usihesabiwe kuwa wa chama kimoja, bali wa utulivu na amani ya nchi. Aliwaomba wananchi waweke kando uhasama wa kampeni, na akawataka waihukumu serikali yake kwa matendo yake. Huo ndio uliokuwa wosia wake, ingawa mwenyewe hakujua. Siku chache baadaye aliunda serikali, na kabla ya katikati ya Oktoba alikuwa marehemu.

Mkono na waliousukuma

Aliyefyatua risasi alikamatwa baada ya siku chache. Aliitwa Jean Kageorgis, Mgiriki aliyekuwa akiishi Usumbura. Katika maelezo yake aliwataja waliomtuma, na uchunguzi ukafika hadi kwa viongozi wa PDC, Ntidendereza na Biroli. Swali kuhusu dhamana ya maofisa wa Kibelgiji waliokuwa wakitawala nchi wakati huo halijaacha kuulizwa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliituhumu Ubelgiji waziwazi kuhusu mauaji hayo.

Kwa msomaji Mkatoliki kuna jambo chungu hapa, na si vema kulipita. Chama cha washtakiwa hao kilibeba jina la Ukristo. Viongozi wake walibeba majina ya ubatizo, mmoja ya Yohane Mbatizaji na mwingine ya Mtakatifu Yosefu. Biroli alikuwa miongoni mwa Warundi wa kwanza kabisa kupata elimu ya chuo kikuu. Si ujinga, basi, uliowafikisha pale, wala si kukosa mafundisho ya dini. Wivu wa koo mbili, uchungu wa kushindwa uchaguzi na imani kwamba mpinzani akiondoka mambo yatanyooka vilitosha kulifunika jina takatifu walilopewa kisimani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kaini, ambaye naye alikuwa mtu wa kutoa sadaka.

Kesi ilisikilizwa Usumbura mwaka 1962, ikafika mahakama ya rufaa. Mwisho wake hukumu ya kifo ilibaki kwa Kageorgis peke yake. Viongozi wa PDC walipewa kifungo cha miaka mingi. Kageorgis aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, na kesho yake, tarehe 1 Julai, Burundi ikawa nchi huru.

Gitega, Januari 1963

Hapo ndipo taifa jipya lilipofika njia panda. Mahakama ilikuwa imekwisha kutoa hukumu, na wafungwa walikuwa gerezani. Lakini uchungu wa watu ulikuwa mkubwa, na wengi waliona kwamba Wabelgiji waliwaonea huruma washirika wao. Serikali huru iliunda Mahakama Kuu mpya na kuipa uwezo wa kurudia kesi zilizokwisha kuamuliwa kabla ya uhuru. Kesi ikafunguliwa tena, na mara hii ilitolewa hukumu ya kifo. Mwezi Januari 1963, watu watano walinyongwa hadharani Gitega, mbele ya umati mkubwa. Ntidendereza na Biroli walikuwa miongoni mwao. Siku hiyo mzee Baranyanka alipoteza wana wawili.

Kosa lao lilikuwa zito, na hakuna anayepaswa kulipunguza. Kumwua kiongozi aliyechaguliwa na watu ni dhambi dhidi ya mtu na dhidi ya taifa zima. Haki ilipaswa kutendeka. Lakini haki ina mpaka wake, na sheria inapobadilishwa ili kumfikia mtu ambaye kesi yake imekwisha kuamuliwa, wananchi hujifunza kwamba sheria ni fimbo ya aliye na nguvu. Waliokusanyika Gitega walikwenda kutazama kisasi kilichovikwa joho la hakimu. Mama Kanisa leo hutufundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu hadhi ya mtu haipotei hata anapotenda makosa makubwa kupindukia. Fundisho hilo liliwekwa wazi katika Katekisimu mwaka 2018 na Baba Mtakatifu Fransisko. Wenye shaka na fundisho hilo wangeweza kuitazama Burundi na kuuliza kama kamba za Gitega zilileta amani.

Hazikuileta. Hata kabla ya kunyongwa watu hao, mnamo Januari 1962, vijana wa umoja uliobeba jina la Rwagasore waliwashambulia na kuwaua viongozi wa Kihutu wa chama cha wafanyakazi huko Kamenge, Usumbura. Fikiria, mpendwa msomaji: jina la mtu aliyeunganisha makabila lilitumiwa na waliomwaga damu ya kabila jingine. Ndani ya UPRONA yenyewe, mvutano wa kumrithi ulimweka upande mmoja shemeji yake André Muhirwa, aliyekuwa Waziri Mkuu baada yake, na upande mwingine Paul Mirerekano. Polepole mgawanyiko huo ukachukua sura ya Mtutsi na Mhutu.

Tarehe 15 Januari 1965, Pierre Ngendandumwe, Mhutu aliyekuwa msaidizi wa Rwagasore, alipigwa risasi na kuuawa Bujumbura, siku chache tu baada ya kuteuliwa tena kuwa Waziri Mkuu. Oktoba mwaka huo, baada ya jaribio la mapinduzi, Mirerekano na viongozi wengine wengi wa Kihutu waliuawa. Mwami Mwambutsa alikimbilia Ulaya. Mwaka 1966 mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, alitawazwa kwa jina la Ntare wa Tano, lakini kabla mwaka haujaisha jeshi chini ya Michel Micombero likaufuta ufalme. Mwaka 1972 Ntare alirejea nchini, na mwishoni mwa Aprili akauawa Gitega. Hivyo mzee Mwambutsa naye, kama Baranyanka, alipoteza wana wawili, na mwenyewe alifia uhamishoni.

Nyumba mbili zilizoshindana sasa zilikuwa sawa katika msiba. Na mwaka huo wa 1972 msiba ulitoka kwenye nyumba za wakubwa ukaingia katika kila kijiji. Baada ya uasi uliowaua Watutsi wengi kusini mwa nchi, Wahutu waliwindwa, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, makatekista na mapadre. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kupanda hadi 300,000. Padre Michel Kayoya, mshairi aliyependwa na wengi, aliuawa Gitega mwezi Mei. Maelfu walivuka mpaka kuingia Tanzania, wengi wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi, aliuawa na wanajeshi, na vita iliyofuata iligharimu maisha ya watu wapatao 300,000. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, aliyekuwa akiwakemea wauaji wa pande zote, aliuawa mwaka 1996.

Si haki kusema kwamba yote haya yalitokana na risasi moja ya mwaka 1961. Ukoloni ulikuwa umewapanga watu kwa makabila, na kila kizazi kina dhambi zake. Lakini mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwaketisha Warundi pamoja aliondolewa, na waliobaki walilitukuza jina lake huku wakiliacha ombi lake.

Waliolipokea ombi hilo

Hata hivyo ombi lile halikufa kabisa. Huko Bururi, mahali ambapo Rwagasore aliwekwa kizuizini, kuna seminari ndogo ya Buta. Katika miaka ya vita, walezi wa seminari hiyo waliwafundisha vijana kuishi kama ndugu, wakizungumza waziwazi juu ya hofu na machungu yao. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Kanisa nchini Burundi limeanzisha mchakato wa kuwatangaza kuwa wenyeheri, pamoja na Padre Kayoya na mashahidi wengine wa udugu. Vijana wale hawakuwa na jeshi wala kura. Walikuwa na ubatizo wao tu, nao waliuchukua kwa uzito kuliko walivyofanya wakubwa wa mwaka 1961.

Aliyeshughulika kuwapatanisha viongozi wa Burundi katika miaka hiyo hiyo alikuwa rafiki wa zamani wa Rwagasore, Mwalimu Nyerere. Akiwa mzee, alitumia miaka yake ya mwisho katika mazungumzo ya Mwanza na Arusha, akiwavumilia watu ambao mara nyingine hawakutaka hata kutazamana. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, siku moja baada ya kumbukumbu ya miaka 38 ya kifo cha rafiki yake. Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mapigano hayakukoma mara moja, lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Warundi walikuwa wameketi kutafuta njia isiyohitaji maiti nyingine.

Nasi tuliopo leo tuna chaguzi zetu, za serikali na za vigango, za vyama na za ushirika. Tunashinda na kushindwa. Katika jumuiya ndogo ndogo zetu kuna koo ambazo hazisalimiani kwa sababu ya shamba, na kuna watoto wanaorithishwa chuki kabla ya kufundishwa Baba Yetu. Tusijidanganye kwamba njia ya Gitega ni ya nchi za wengine. Huanza pale mtu anapoamini kwamba amani yake itapatikana jirani yake akiangamia, na huendelea pale aliyejeruhiwa anapoiona haki kuwa haitoshi. Msamaha wa Kikristo hauzuii kesi, hauifichi kweli, wala hauwanyimi wafiwa machozi yao. Unachokataa ni kuiacha damu ya jana iamue damu ya kesho.

Kaburi la Rwagasore liko Vugizo, juu ya mji wa Bujumbura, mahali ambapo mtu huliona ziwa hadi milima ya Kongo. Tunapofika tarehe 13 Oktoba, tumkumbuke katika sala zetu, pamoja na Ngendandumwe, Ndadaye, Askofu Mkuu Ruhuna na maelfu wasio na makaburi. Tuwakumbuke pia Kageorgis, Ntidendereza na Biroli, kwa kuwa nao walikombolewa kwa damu ile ile ya Kristo. Sala hiyo ya mwisho ni ngumu zaidi, na huenda ndiyo ambayo Burundi, na nchi zetu zote, zinaihitaji kuliko nyingine.